Nilimdanganya Mzee kwenye tufe la mwisho, na sasa orodha ya timu iko mkononi mwangu

Shikamoo Somo,

Nakuandikia nikiwa ofisini, wenzangu wametoka kula. Nyumbani nimejaribu mara mbili nikashindwa.

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mkaazi wa Tudor, nafanya kazi katika ofisi ya kupitisha mizigo bandarini. Siku za wiki ni za mwajiri na za mwanangu. Jumamosi ni yangu, na tangu nilipokuwa na miaka 12 Jumamosi yangu ni ya bolsi.

Najua wasomaji wako wengi hawaujui mchezo huu, ingawa huenda wamewaona watu waliovaa nyeupe wakibingirisha matufe kwenye nyasi zilizonyolewa kama kichwa cha aliyetoka Makka. Ndio sisi. Kwanza hubingirishwa jeki, kijitufe cheupe, nayo ni lazima ilale angalau mita 23 kutoka kwenye mkeka unaposimama mchezaji. Kisha kila upande hujitahidi matufe yake yalale karibu na jeki kuliko ya wenzao. Tufe lenyewe si duara kamili. Ubavu mmoja umechongwa tofauti na wa pili, kwa hiyo haliendi moja kwa moja, na kadiri linavyoishiwa na mwendo ndivyo linavyozidi kupinda. Ukilenga jeki umekosa. Unalenga mahali patupu pembeni yake, halafu unangoja tufe lirudi.

Aliyenifunza haya nitamwita Mzee tu, maana klabu yetu ni ndogo na Mombasa hii tunajuana. Ana miaka 75. Aliingia pale miaka ya mwanzo ya uhuru akiwa kijana wa kuvuta rola na kukata nyasi, wanachama wakiwa bado karibu wote ni Wazungu. Mchezo aliusoma kwa macho, akawa anaujaribu alfajiri kabla wenyewe hawajafika. Baadaye akawa mwanachama, kisha bingwa, kisha skipa wetu. Marehemu mamangu alikuwa mpishi pale, yeye na mahamri yake na mbaazi, nami nilikuwa nikikaa kwenye ngazi nikimsubiri. Siku moja Mzee akaniwekea tufe mapajani. Likanishinda uzito. Akanishika kidole akakipitisha kwenye duara dogo lililochorwa ubavuni: "Hili dogo, binti yangu, likae upande unaotaka tufe lirudi. Ukilisahau, tufe litakwenda kwa jirani." Mimi sina baba niliyemjua. Huyo ndiye niliyempata.

Timu yetu ni ya watu wanne, kila mmoja na matufe mawili. Yeye ndiye skipa, mimi ni wa tatu. Kwa asiyejua: skipa hukaa upande wa jeki akituelekeza, na sisi watatu tukimaliza, yeye huenda mkekani kucheza ya mwisho, mimi nikashika nafasi yake pale kwenye jeki na kumwambia hali ilivyo.

Mwaka jana nilianza kuona mambo. Chai aliimimina ikapita mdomo wa kikombe. Ananitambua kwa sauti, si kwa sura. Ana sukari, anameza vidonge, na mwanzo nilidhani ni uchovu. Akifika mkekani akawa ananiuliza, "Jeki iko wapi?" nami nikaanza kusimama nyuma yake nimeshika leso nyeupe kifuani ili alenge leso. Hakuna aliyesema kitu. Mkewe alinipigia simu usiku mmoja: "Mwanangu, babako haoni. Ngazi anazihesabu. Usimwambie mtu, atasema nimemvua nguo." Nikaapa.

Kisha ikaja siku aliyojaribu kupiga tufe la nguvu ili ayatawanye ya wapinzani, likapita mbali, likavuka hadi njia ya wachezaji wa pembeni. Vijana wetu wawili wakacheka kwa sauti. Nilimwona anavyoukunja ule mkeka.

Wiki mbili baadaye tukacheza na wageni. Duru ya mwisho, tunaongoza kwa pointi moja, Mzee ana tufe la mwisho mkononi. Akaniuliza kutoka mkekani, "Nani anashika?" Walikuwa wanashika wao, tena mbili, yaani matufe yao mawili ndiyo yaliyokuwa karibu zaidi na jeki, na kila moja ni pointi. Nami nikajibu, "Sisi, Baba. Moja. Weka mlinzi mbele tu."

Somo, sijui hata sasa kwa nini. Niliwaona wale vijana wamekaa kwenye benchi na nikataka tufe lake la mwisho liwe zuri. Na lilikuwa zuri. Lililala mbele ya jeki, palepale nilipomwambia, halina faida yoyote.

Tulipohesabu, tukapoteza kwa moja. Mzee akaja akapiga magoti. Akaweka kidole gumba kwenye jeki, kidole cha kati kikatafuta tufe la karibu, akapapasa alama iliyochongwa ubavuni. Lao. La pili akalipapasa. Lao. Letu lilikuwa nje ya shubiri yake. Akakaa hivyo kidogo, kunguru wanatembea nyuma yake kwenye nyasi, kisha akainuka akasema, "Ahsante, binti yangu." Akabeba mfuko wake, akaingia kwenye gari lake, akavuka daraja la Nyali kurudi kwake Kisauni kama kila Jumamosi magharibi. Hajarudi uwanjani tangu hapo. Wiki ya tatu hii.

Sasa kamati imenipa mimi kazi ya kuandika orodha ya timu itakayopanda treni kwenda kucheza Nairobi mwezi ujao. Baadhi ya wanachama wanasema wazi muda wa Mzee umekwisha. Mwenyekiti, ambaye ni mtu mwema, anapendekeza tumfanyie chakula cha usiku, tumpe cheti na cheo cha Mlezi wa Klabu, mambo yaishe kwa heshima. Nakiri pendekezo hilo linanivutia, kwa sababu halinitaki nifungue mdomo. Wengine wananiambia nimuweke kwenye orodha, akishindwa atajiona mwenyewe. Na mimi nimefikiria kujiuzulu kabisa, mwingine aandike orodha hiyo.

Tena ni wakati ambao klabu inamhitaji. Maji ya mfereji huja kwa zamu, ya kisima yana chumvi na yameunguza nyasi upande mmoja, na ni yeye peke yake anayeweza kuvua viatu, akatembea pale, akakwambia ni wapi tufe litakwama.

Nifanye nini?

Wa Tatu, Tudor

SOMO ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Mungu amrehemu mamako.

Barua yako nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza nilisikitika nawe. Mara ya pili nilikutana na mstari ulioupitia mbio, na nikaacha mengine yote. Umesema aliingia kwenye gari lake akavuka daraja la Nyali, magharibi, kama kila Jumamosi. Mtu anayehesabu ngazi za nyumba yake kwa sababu hazioni anaendesha gari darajani saa ambayo matatu zinakimbizana, bodaboda zinapenya kushoto na kulia, na taa za wanaokuja zinampiga machoni. Kabla ya orodha, kabla ya Nairobi, kabla ya moyo wako na wake, hilo likome leo. Ukimaliza kusoma hapa mpigie simu mkewe. Mwambie funguo za gari zitafutiwe mtu. Mtoto, mjukuu, jirani, wewe mwenyewe. Akikasirika, akasirike akiwa hai, na asiwe amemgonga mtoto wa mtu.

Na katika simu hiyohiyo mwambie Mama kwamba kile kiapo umekirudisha. Usimzunguke. Mwambie: "Mama, nilikuahidi sitasema, nimeona kunyamaza kunamdhuru, nitaongea naye mwenyewe na sitakutaja." Yeye aliomba siri kwa mapenzi, kama ulivyodanganya wewe kwa mapenzi. Ninyi wawili mmekuwa mkimshika mkono kila mmoja upande wake, na yeye katikati anajua fika kwamba ameshikwa.

Maana anajua. Ulidhani alipiga magoti kutafuta nini pale kwenye jeki? Alikuwa haangalii nani ameshinda. Matokeo alishayasikia. Alikuwa anapima ukubwa wa uongo wako kwa vidole vyake, na akaupata: kutoka kidole gumba hadi cha kati, mara mbili. Miaka yote aliyocheza, neno la mtu wa tatu ndilo jicho la skipa. Hata skipa mwenye macho ya mwewe, akisimama mita 23 na zaidi, haoni ni tufe la nani lililojificha nyuma ya jeki. Anauliza, anajibiwa, anacheza juu ya jibu lile. Kwa hiyo pole yangu kwako ina mpaka. Wale vijana walicheka tufe lililokwenda vibaya, na mchezaji yeyote huwa na siku hiyo. Wewe ulimnyima habari ambayo hata mchezaji mzima alikuwa na haki ya kuipata. Ungemwambia, "Wao, Baba, mbili," huenda angekosa. Lakini angekosa akicheza mchezo wake.

Nasema hivi kwa ukali kwa sababu na mimi nilifanya. Mamangu alipopata mtoto wa jicho sisi binti zake tulimpangia nyumba. Stuli haisogezwi, mtungi haubadilishwi mahali, na akimaliza kupika mmoja wetu hupita jikoni kimya kimya kuonja na kusawazisha chumvi. Tuliona tunamsitiri. Miaka miwili ilipita hivyo, hatukumpeleka kwa daktari, kwa kuwa kumpeleka kungetulazimu kulitamka. Siku alipokuja kufanyiwa upasuaji na bandeji ikatolewa, alitutazama mmoja mmoja, akasema, "Mlikuwa mnaona mimi sijui kwamba chumvi si yangu?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Kwa hiyo unakwenda kwake. Nenda asubuhi, jua bado dogo, siku isiyo Jumamosi. Usiende na mwenyekiti, usiende na ujumbe wa klabu, na usimkalishe barazani watu wanapita. Msalimie kama unavyomsalimia siku zote. Halafu anza na la kwako, wala usianze na la macho yake: "Baba, siku ile uliniuliza nani anashika nikakwambia sisi. Walikuwa wao, mbili. Nilijua. Nisamehe." Hapo nyamaza. Usieleze kuhusu vijana, usieleze ulivyolala bila usingizi. Akitaka kujua kwa nini atauliza. Akikaa kimya, kaa naye kimya. Akikufukuza, ondoka kwa adabu na urudi siku ya pili.

Likishapokewa hilo, ndipo useme ulichokiona kwa macho yako: chai iliyopita kikombe, leso, sauti badala ya sura. Sema mambo yenyewe na usiyape jina. Neno "umezeeka" lisitoke kinywani mwako, kwanza kwa sababu linaumiza, na pili kwa sababu huenda si kweli kwamba uzee ndio tatizo. Mwaka 2022, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Birmingham, George Miller wa Scotland alivaa medali ya dhahabu ya bolsi akiwa na miaka 75, umri wa Mzee wako. Nitamrudia huyo, kwa sababu namna alivyoipata inawahusu sana. Kwa sasa shika tu kwamba kwenye mchezo wenu miaka 75 si hoja. Hoja ni jicho, na jicho lina daktari wake.

Ndiyo, daktari, na hapa nakusihi usikubali "tutaona baada ya Nairobi". Mimi si tabibu, lakini niliyoyajua kwa mamangu nitakwambia. Mtoto wa jicho ni ile lenzi ya ndani ya jicho kuingia ukungu kidogo kidogo, bila maumivu, hadi taa zinamtawanyikia mtu na sura zinafifia. Huo hutolewa kwa upasuaji mfupi, lenzi nyingine ikawekwa, na wengi hurudi kulala nyumbani siku hiyohiyo. Ikiwa ni huo, Mzee wako anaweza kuiona jeki tena. Lakini kuna presha ya jicho, ambayo huanza kuiba pembeni, na ilichoiba hakirudi. Matone na matibabu mengine hulinda kilichobaki tu. Na kuna sukari, ambayo umeitaja kana kwamba ni jambo la kando. Sukari huharibu mishipa midogo iliyo nyuma ya jicho, na mwenye sukari anapaswa kupimwa macho kila mwaka hata kama anaona vizuri. Haya matatu kwa nje yanaweza kufanana, na mtu anaweza kuwa na zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Ndiyo maana kila wiki inayopita mkisitiriana inaweza kuwa wiki ya macho isiyorudishika.

Mombasa hospitali za macho zipo, na ng'ambo ya Likoni, Kwale, kuna kituo cha macho kinachojulikana pwani nzima. Ulizeni mapema gharama, na SHA, ile bima ya afya ya serikali, italipia nini. Nenda naye. Akishawekewa matone ya kupanua mboni hataona vizuri kwa saa kadhaa, kwa hiyo atahitaji mtu wa kumshika mkono kwenye feri. Na mpaka siku hiyo asitiwe chochote machoni: asali, maji ya kitunguu, wala matone yaliyobaki ya jirani, hata jirani akiapa yalimponya.

Sasa orodha. Kujiuzulu hapana. Ukijiuzulu ataandika mtu asiyempenda, na Mzee atakusikia umekimbia. Kumweka skipa "ajionee mwenyewe" ndilo pendekezo baya kuliko yote uliyoletewa, na anayelisema amelivika nguo ya heshima tu. Ni kumpeleka mzee wa watu mbele ya wageni, kwenye uwanja asioujua kasi yake, ili aibu ifanye kazi ambayo ninyi mmeiogopa. Skipa kazi yake ni kusoma yale matufe yote yalivyolala na kuchagua. Kwa hali aliyonayo leo hawezi, na haki ya wachezaji wengine watatu nayo ipo. Kwa hiyo Nairobi hii asiende kama skipa, labda daktari aseme vingine na macho yenyewe yaseme vingine. Na hilo alisikie kutoka kwako, nyumbani kwake, kabla karatasi haijabandikwa ukutani. Asilisome ubaoni. Hasa yeye, ambaye itabidi amwombe mtu amsomee.

Na cheti? Mwenyekiti wako namheshimu, lakini cheti kikitangulia mazungumzo kitakuwa ni kumtoa mlangoni kwa makofi. Atakipokea, atashukuru kama alivyokushukuru wewe, na hamtamwona tena. Acheni chakula cha usiku. Siku akitaka mwenyewe kupumzika, mpikieni.

Badala yake muulize swali moja: "Baba, wewe unataka kucheza nafasi gani?" Na uwe tayari kwa jibu lolote. Lakini ukipenda kumpa wazo, mpe hili, nimelipata kwa mjomba wangu aliyecheza bolsi miaka mingi. Katika timu ya wanne, mnaposhinda duru, duru inayofuata mchezaji wenu wa kwanza ndiye anayebingirisha jeki. Jeki ikishasimama huwekwa kwenye mstari wa katikati ya njia yenu. Tazama jambo hilo. Mkono uliotuma jeki ndio unaojua imekwenda umbali gani, na upande haubadiliki kwa sababu jeki iko katikati siku zote. Mbele yake hakuna msitu wa matufe, ni yeye na nyasi. Mchezaji wa kwanza hucheza kwa kiganja na kwa nyayo, na huyu wako ana nyayo zinazojua penye chumvi na pasipo na chumvi. Watu wasioujua mchezo hudhani nafasi ya kwanza ni ya mwanafunzi. Skipa wote wazuri niliowasikia wakizungumza walikuwa wakiomba wapewe wa kwanza mzuri kabla ya kitu kingine chochote. Litamuuma kidogo kushuka, sitakuficha. Lakini kama atalichagua mwenyewe, litakuwa lake.

Sasa yule George Miller. Medali ile hakuipata akirusha tufe. Ilikuwa shindano la wawili wawili la wasioona vizuri, ambalo lipo kwenye michezo hiyo mikubwa tena wazi kabisa, na kila mchezaji ana kiongozi wake. Miller alikuwa kiongozi wa Melanie Inness. Kiongozi humweka mchezaji sawa mkekani, humwambia jeki iko wapi na tufe lake limelala wapi, na medali wanagawana kwa sababu kazi wanagawana. Wengi wanaocheza hivi hutumia saa ya ukutani: jeki ni katikati ya saa, halafu unamwambia mwenzako, "Tufe lako liko kwenye namba tisa, hatua moja. Lao liko kwenye namba kumi na mbili, shubiri moja." Yeye anaipiga picha kichwani na kucheza. Katika mashindano ya wasioona huruhusiwa hata kutandazwa uzi katikati ya njia ili mtu apate mwelekeo.

Umeona basi ulipokuwa umefika na ile leso yako? Ulikuwa karibu kabisa. Ulikuwa tayari ni kiongozi wake, ila ulifanya kwa kuficha, na kwa kuwa ulificha, siku ilipokuwa ngumu ukafichia na uongo. Leso ile ishike wazi. Wapinzani waambiwe kabla ya mchezo: mwenzetu haoni mbali, mimi nitamwonyesha jeki. Sijaona ni mchezaji gani muungwana atakayekataa, na akikataa mjue mapema.

Wale vijana wawili sikuwasahau. Wewe ndiye mwenye orodha, kwa hiyo una sauti. Waite, usiwagombeze mbele za watu, waambie tu kwamba aliyechekwa pale ndiye aliyevuta rola juu ya nyasi wanazozikanyaga kabla baba zao hawajazaliwa. Kisha wape kazi: mmoja aendeshe lile gari la Mzee Jumamosi, kwenda na kurudi. Njia ya kutoka kisiwani hadi Kisauni jioni, na foleni ile, ina muda wa kutosha kijana kumuuliza mzee mambo, naye mzee kuulizwa.

Siku ya kwanza akirudi uwanjani msimpigie vigelegele. Mpeni chai, mpeni mkeka. Kama unaona anasitasita, vua viatu wewe kwanza, mwombe akutembeze upande ule nyasi zilipoungua, akuonyeshe tufe litakwama wapi. Beba daftari, uandike, maana mtu wa kutunza uwanja atayahitaji mambo hayo masika yakija.

Na akifika mkekani akakuuliza nani anashika, unajua la kumjibu.

Niandikie mkitoka kwa daktari.

Somo wako